Koni Tano, Programu Moja: Vigezo kwenye Kerezo la CNC

Gereji moja ya matairi hapa Arusha iliniagiza koni za mashine ya kubalansi magurudumu; koni huingia kwenye tundu la rimu na kuliweka gurudumu katikati. Corolla ina tundu la milimita 54.1 katikati ya rimu, RAV4 60.1, Hilux 106.1, kwa hiyo koni moja haitoshi. Zamani ningeandika programu tano. Siku hizi, kwenye kerezo la CNC (linaloongozwa na kompyuta), naandika moja, nabadili namba mbili juu, nabonyeza kitufe.

Ninayoeleza ni ya kontrola (kompyuta ya mashine) ya Fanuc, na mashine yako iwe imefunguliwa huduma ya makro, yaani programu zenye vigezo na hesabu. Kigezo ni mahali pa kuwekea thamani, huandikwa kwa alama ya # na namba. Kuanzia #1 hadi #33 ni vya ndani ya programu inayokimbia. Vya #100 vinatumiwa na programu zote, ila umeme ukikatika vinafutika, na kwetu mtaa wa Unga Limited umeme hukatika kweli. Cha kubaki, mfano hesabu ya vipande, kiweke kwenye #500.

Koni ya kwanza: ncha nyembamba 50, urefu 40, mteremko nyuzi 15 kila upande, chuma ghafi cha 75.

#100=50.0
#101=40.0
#102=15.0
#104=75.0
#103=#100+2*#101*TAN[#102]
#105=FIX[[#104-#100]/2]*2+0.4
WHILE[#105GT0.3]DO1
G00 X[#100+#105] Z2.0
G01 Z0 F0.2
X[#103+#105] Z-#101
G00 U2.0
Z2.0
#105=#105-2.0
END1
G00 X#100 Z2.0
G01 Z0 F0.1
X#103 Z-#101
G00 U2.0
Z2.0

G00 ni mwendo wa haraka, G01 wa kukata, F ni kasi ya kukata, Z ni urefu, U ni kusogeza X kutoka ilipo, GT ni “kubwa kuliko”. #103 ni kipenyo cha upande mnene, #105 ni kiasi kilichobaki kukatwa. Mistari ya kuita kisu na kuzungusha chaki (kibano kinachoshika chuma) weka ya mashine yako.

Angalia ile 2 kwenye #103. X ya kerezo ni kipenyo, wakati TAN inakupa upande mmoja tu. Mimi niliisahau mara ya kwanza: badala ya 71.436 nikapata 60.718, na gurudumu la RAV4 likakaa ukingoni kabisa mwa koni. Chuma kile bado kiko mezani, nakitumia kuzuia karatasi.

Mabano ni ya mraba. Ya duara mashine inayachukulia kama maelezo ya fundi na inayaruka. Pembe andika kwa nyuzi kama zilivyo.

FIX inatupa desimali. Tofauti ya 75 na 50 ni 25, nusu yake 12.5, FIX inabakisha 12, mara mbili 24, ongeza 0.4. Basi kisu kinaanza kipenyo cha 74.4 na kushuka 2 kila pasi (kila mara kisu kinapopita), yaani milimita moja kwa upande. Pasi za mwanzo zinakata hewa kule mwisho wa koni. Kwa koni tano sijali, ingekuwa mia ningeongeza IF (sharti) ya kuziruka.

Mbona sikuandika WHILE[#105GE0] (GE ni “kubwa au sawa na”) ikamaliza yenyewe? Kwa sababu mashine haihifadhi desimali sawasawa. Ukishuka kwa 0.1 mara nyingi, unapotarajia sifuri unaweza kukuta kitu kidogo chini ya sifuri, na pasi ya mwisho, ile unayoihitaji kuliko zote, isikatwe. Ndiyo maana nimebakiza 0.4, na pasi ya kumalizia nimeitoa nje ya mzunguko.

Koni ya Hilux: #100 iwe 90, #104 iwe 115. Mengine usiguse.

Kabla ya kukata, kimbiza programu bila chuma kwenye chaki, bloku (mstari) moja moja, kisha fungua ukurasa wa vigezo usome #103. Chukua kikokotoo cha simu: koni ya Hilux lazima isome 111.436. Ikisoma 100.718, umeisahau 2 kama mimi.