Kupanga vitu ndani ya boksi la seva: anza na njia ya hewa, vifaa vifuate

Watu wengi wakitaka kuunda seva ya ofisi swali la kwanza ni "zitaingia hadidiski ngapi", na shida inaanzia hapohapo, maana boksi likishajaa diski hewa inakosa pa kupita, na kwa joto letu la Dar la Januari na Februari, chumba hakina AC na dirisha limezibwa na kabati, seva inanguruma kama mashine ya kusaga. Nilishafungua seva moja ya ofisi Kariakoo, boksi la 4U (U ni kipimo cha kimo, nakieleza chini), kubwa, nafasi tele, ila furushi la waya za pawa saplai lilikunjwa likasokomezwa katikati ya feni na prosesa. Ukiweka mkono nyuma ya boksi husikii upepo hata kidogo. Tulihamishia lile furushi pembeni tu, hatukununua kitu, na ndani ya dakika chache feni zikapunguza kasi zenyewe.

Kwaiyo mimi naihesabu hewa kama kifaa kingine chochote, naitengea milimita zake kwenye mchoro kabla ya kitu kingine.

Chukua tepu na daftari. Raki ya kawaida, yaani fremu yenye nguzo ambayo seva inafungwa ndani yake, ina upana wa inchi 19, na kimo kinahesabiwa kwa U, 1U ni mm 44.45. Mwili wa boksi lenyewe unakuwa na upana wa kama mm 430 ili upite katikati ya nguzo. Kina ndo kinachowaangusha wengi, sababu kabati nyingi za ukutani hizi za maofisi madogo zina kina cha mm 450 au 600, alafu mtu anaagiza boksi la mm 700 halifungi mlango. Pima kabati lako KABLA ya yote, na nyuma acha kama sm 10 za plagi na kebo za mtandao.

Sasa jumlisha kuanzia mbele kwenda nyuma. Hadidiski ya inchi 3.5 ina urefu wa mm 147, soketi na waya zake mpe 30, feni 25, nafasi ya feni kuvutia hewa 20, mazabodi (bodi kuu) ya ATX, ile saizi ya kawaida, inakula 244 kwenda nyuma. Jumla 466. Kabati la 450 hapo limeshakataa, la 600 linakubali na nyuma unabakiwa na nafasi ya kutosha. Ukiona hesabu inabana usiibe zile 20 za feni, bora uchukue bodi ndogo, Mini-ITX ni mm 170 kwa 170, unarudisha zaidi ya sm 7 hapohapo.

Upana nao una siri yake. Bodi ya ATX ina mm 305, toa kwenye 430 unabaki na 125 pembeni. Pawa saplai ya kawaida ni mm 150 upana na 86 kimo, kwaiyo ukiilaza haiingii pembeni ya bodi, ila kwenye 4U, ambayo ina kimo cha karibu mm 178, unaisimamisha kwa ubavu inakula 86 tu na zile 39 zinazobaki ndo njia yako ya waya toka mbele mpaka nyuma. Kwenye 2U haisimami, hapo tafuta ya Flex ATX, yenye upana wa kama 81 na kimo cha 40. Kadi za PCIe, zile za ziada zinazochomekwa wima kwenye bodi, ndo hivohivo, kwenye 2U kadi yenye kimo cha kawaida haisimami, chukua yenye bati fupi (low profile) au uilaze kwa raiza, kile kipande cha kugeuza upande wa soketi.

Kuhusu kimo ushauri wangu ni mmoja, kama kabati lina nafasi usikimbilie 1U. 1U inakubali feni za mm 40, na feni ndogo ili isukume hewa ya kutosha lazima izunguke kwa kasi sana, na ukiongeza kasi ya feni mara 2 umeme inaokula unapanda kama mara 8. Facebook walipotoa michoro ya seva zao hadharani mwaka 2011 kupitia Open Compute Project, walienda na boksi la 1.5U ili waweze kuweka feni za mm 60. 2U inakubali za 80, na 4U unapanga tatu za 120 zikiwa mstari mmoja kama ukuta.

Na huo ukuta wa feni uzibe kweli. Hewa inafuata njia rahisi, ukiacha upenyo pembeni ya feni ile ya moto ya nyuma inarudi mbele inazunguka palepale. Matundu ya diski yasiyo na diski yafunike pia. Na angalia ramu zimelala upande gani: bodi nyingi za kompyuta za mezani ramu zinakingama kama uzio mbele ya hewa, za seva zimelala kufuata upepo, kwaiyo bodi ya seva hata ya mtumba inakurahisishia sana hapa.

Waya punguza. Diski ya kuwashia mfumo iwe M.2, inakaa juu ya bodi, haina waya. Kama unatumia kadi ya SAS, ile ya kuunganisha diski nyingi za seva, kebo moja ya SFF-8643 inabeba diski 4, badala ya kebo nne za SATA, zile za kawaida za diski, zinazoning'inia kama chandarua.

Kama boksi unalitengenezesha mwenyewe, kabla hujakata bati tengeneza boksi zima kwa kadibodi, mabox ya maji au tambi yanafaa kabisa. Kata diski za uongo mm 147 kwa 102 kwa 26, zipange, ila waya tumia ZA KWELI, sababu kichwa cha SATA na kona ya waya wa umeme ndo vinagoma mfuniko kufunga. Alafu jaribu kuchomoa diski ya katikati bila kugusa nyingine, ikishindikana panga upya, saivi ni kazi ya mkasi tu. Matundu ya bodi yachore kwa kuilaza bodi yenyewe juu ya karatasi na kupita na penseli, hiyo karatasi ndo unampelekea fundi wa bati mtaa wa Gerezani hapa Dar, vipimo vyote kwa milimita. Mwambie apige tupa kingo zote, bati kali linakata waya taratibu, na bati lifutwe vizuri kabla bodi haijaingia, unga wa chuma ukibaki unaleta shoti.

Mwisho washa seva mfuniko umefungwa, washa udi mmoja ushike mbele ya matundu kwa sekunde chache tu. Moshi unyooke kuingia wote. Ukiuona unapinda kwenda pembeni, au unavutwa kwenye upenyo wa mfuniko, weka alama hapo kwa penseli, ziba na sponji jembamba, jaribu tena. Alafu iache ifanye kazi nzito saa nzima, mchana wa saa nane sio usiku, na usome joto la kila diski moja moja, yenye joto kuliko wenzake ndo inakuonyesha hewa haifiki wapi.