Somo: Kupanga msafara wa B-17 usiosambaratika ndani ya DCS World

DCS World ni mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita, na B-17 ni ndege kubwa ya mabomu ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia. Somo hili ni la wenzetu wa Malindi na Lamu wanaotaka kutengeneza misheni zao wenyewe za ndege nyingi za mabomu. Msafara mkubwa hupangwa kwa kumfikiria rubani wa mwisho. Kiongozi hana wa kumkimbiza. Anayehangaika ni wa nyuma kabisa, kwa kuwa kila walio mbele wakipinda yeye hulazimika kuongeza moto. Asipoachiwa akiba ya nguvu, msafara huvunjika.

1. Umbo. Anza na ndege 18. Vikosi vya Marekani vilivyokuwa Uingereza viliruka hivyo mapema 1943, kwa mpango uliosukumwa na kamanda wao Curtis LeMay: vikosi vitatu vya ndege sita sita, kimoja kikiongoza, kimoja juu upande wa kulia, kimoja chini upande wa kushoto. DCS hairuhusu zaidi ya ndege nne katika kundi moja, kwa hiyo tengeneza makundi sita ya ndege tatu tatu. Kundi la kwanza lipe njia. Mengine yape amri ya kulifuata. Kikosi cha juu kikae mita 300 kulia, 100 juu na 150 nyuma. Cha chini kikae kinyume chake: kushoto na chini, lakini nyuma vilevile. Ndani ya kila kikosi, kundi la pili liwe mita 100 nyuma ya la kwanza na 40 chini yake. Usipunguze hizo 40: kwenye kona ndege huteleza kwa ubavu, na zikiwa kimo kimoja zitagongana.

Zianzishe zikiwa tayari angani, kwenye kimo cha safari. Kuzirusha kutoka uwanjani kunakula muda mwingi na mchezaji hapati kitu.

2. Kasi. Hapa ndipo misheni nyingi zinapoharibika. Kasi unayoandika kwenye kihariri (sehemu ya mchezo ya kutengenezea misheni) ni ya ardhini, siyo ile rubani anayoisoma kwenye dashibodi. B-17 iliyopakia hutulia ikisoma kama kilomita 250 kwa saa. Katika mita 6,000 hewa ni nyepesi, kwa hiyo 250 ya dashibodi ni takriban 340 ya kweli. Ukiandika 250 kwenye kihariri, dashibodi itasoma kama 185. Itazame kwa kamera ya nje: pua imeinuka, mkia umening'inia, mabawa yanayumba. Kona ya kwanza tu, inaanguka.

Kisha hesabu upepo. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa tofauti ya kwenda na kusi na kwenda dhidi yake. Upepo wa mbele ukiwa kilomita 60 kwa saa, andika 280. Ukiacha 340, injini zitatafuta 400 na wa nyuma hatakuwa na cha kuongeza.

3. Kona. Kwa 340, ndege iliyolala nyuzi 15 hupinda kwa nusu kipenyo cha kilomita 3.4 hivi. Msafara wetu una upana wa mita 800. Wa ndani atahitaji kupunguza kasi hadi 300, wa nje kuiongeza hadi 380. Basi usipinde nyuzi 90 kwa mkupuo: gawa mara tatu, nyuzi 30 kila moja, na kati ya nukta ya njia na nukta inayofuata acha kilomita 10. Hizo ni karibu dakika mbili za kujipanga upya.

4. Shabaha. Kona ya mwisho iwe kilomita 40 kabla ya shabaha, yaani dakika saba za kunyooka. Makundi yote yakipewa nukta moja ya kulenga, yatabanana juu yake. Kila kundi lipe nukta yake, iliyosogezwa kulia au kushoto kama nafasi yake kwenye msafara.

5. Hofu. Weka ndege zisikwepe zikishambuliwa. Bila hivyo, risasi za kwanza zinazitawanya kama kuku walioona mwewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Shela. Wapiganaji (ndege za kivita za adui) wakifika tu, laptopu inakwama. Nimeshusha vivuli na bado.*

Marahaba. Vivuli ni mzigo wa kadi ya picha. Kinacholemewa hapa ni prosesa. B-17G moja ina bunduki 13, kwa hiyo ndege 18 ni bunduki 234 zinazotafuta shabaha kwa pamoja. Baki na boksi moja, yaani msafara mmoja wa ndege 18, na wapiganaji wape uanzishaji wa kuchelewa, waje wanne wanne. Pia safisha feni: hewa ya chumvi na vumbi huiziba, na prosesa ikipata joto hujipunguza kasi yenyewe.

*Kaka, makundi mawili yangu yalirudi kuzunguka shabaha badala ya kwenda nyumbani.*

Hayakuangusha mabomu mara ya kwanza, yakajaribu tena. Kwenye amri ya kulipua, weka idadi ya mashambulizi isizidi moja. Kisha angalia umbali wa kona ya mwisho. Kwa kawaida kundi lilikuwa bado linapinda.

*Walinzi wa P-47 (ndege za kivita za Marekani) niwapeleke mpaka shabaha?*

Ukitaka ifanane na 1943, hapana. Tarehe 17 Agosti 1943, walinzi waliishiwa na masafa wakarudi, na katika safari za miji ya Ujerumani ya Schweinfurt na Regensburg, ndege 60 za B-17 hazikurudi. Wape nukta ya kugeukia, na wapiganaji wa Kijerumani waanzishwe dakika tano baada ya hapo. Kwa kuwa P-47 ina kasi zaidi, ipe amri ya kulinda. Ikipewa njia yake yenyewe, itauacha msafara nyuma.