Biolojia ya Exetat: soma ukiwa na biki mkononi

Itemu (maswali ya kuchagua jibu) za biolojia za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo, hazikuulizi "meyosi ni nini?" Zinakupa wazazi wawili zikitaka watoto, zinakupa kipande cha ADN (DNA) zikitaka asidi amino, kisha zinakupangia majibu matano yanayokaribiana. Aliyerudia daftari kwa sauti hadi likamkaa kichwani hukwama hapo, kwa sababu hajawahi kukokotoa. Katika kila saa ya kusoma, nusu nzima iende kwenye kuchora na kuhesabu.

Anza wiki 12 kabla ya mtihani, vipindi vitano kwa wiki, dakika 45 kila kimoja. Wiki nne za kwanza zipe seli, urithi na utengenezaji wa protini, maana mada nyingine nyingi zinaegemea hapo. Jioni umeme wa Bukavu ukikatika, usiumize macho kwa mshumaa. Michoro na hesabu ziwekee mchana, usiku muulizane maswali kwa mdomo na wenzako.

Mtihani ni wa Kifaransa, na hili huangusha hata wanaoijua biolojia vizuri. Elewa kwa Kiswahili, lakini jina la kitu lishike kama litakavyoandikwa kwenye karatasi. Tenga daftari dogo la safu tatu: neno la Kifaransa, maana yake kwa maneno yako mwenyewe, na mchoro mdogo. Anza na maneno yanayochanganywa: "chromosome" na "chromatide", "génotype" na "phénotype", "gène" na "allèle". Kisha jizoeze kuzungushia duara maneno yanayogeuza swali: "sauf" (isipokuwa), "inexacte" (isiyo sahihi), "ne… pas" (si), "respectivement" (kwa mfuatano huo). Ukiruka "sauf" moja tu, utachagua jibu la kweli pale walipotaka la uongo.

Meyosi, mgawanyiko wa seli unaotoa gameti (seli za uzazi), ifanye kwa nyuzi. Omba kwa fundi cherehani vipande vya uzi mwekundu na mweusi. Kata kila rangi vipande viwili vya sentimita 10 na viwili vya sentimita 5. Jumla vinakuwa 8. Funga kila jozi ya rangi moja na urefu mmoja kwa fundo katikati. Sasa una kromosomu nne, zote zimeshanakiliwa: fundo ni sentromea, kila uzi ni kromatidi. Hiyo ni seli ya 2n = 4, yaani kromosomu mbili kutoka kwa kila mzazi. Chora duara kwenye karatasi, upange refu nyekundu ikabiliane na refu nyeusi, na fupi vilevile. Mgawanyiko wa kwanza, vuta kila kromosomu upande wake bila kufungua fundo: kila seli inapata mafundo mawili, yaani n = 2. Mgawanyiko wa pili, fungua mafundo na utenganishe nyuzi: seli nne, kila moja na nyuzi mbili. Rudia, safari hii fupi nyeusi iende pamoja na refu nyekundu, na utaona kwa macho mchanganyiko mpya unakotoka.

Kanuni ya kuhesabu ni sentromea, si nyuzi. Wanaohesabu nyuzi huandika kwamba binadamu ana kromosomu 92 kabla ya mgawanyiko. Zinabaki 46, kilichoongezeka ni ADN. Gorila wa Kahuzi-Biega ana 48, hivyo gameti yake ina 24.

Kwenye urithi, chukua jambo linalojulikana majumbani: selimundu, ile watu wanaiita SS. A ni jeni ya kawaida, S ni ya ugonjwa; mwenye AS haumwi, ila anaibeba. Baba AS, mama AS. Kwanza andika gameti: kila moja hubeba herufi moja tu, A au S. Ukiandika AS kama gameti, jedwali zima limeharibika. Pili, chora vyumba vinne: AA, AS, AS, SS. Tatu, rudi kwenye swali. Likitaka jenotipu (mchanganyiko wa jeni), jibu ni 1:2:1. Likitaka mtoto mgonjwa, ni 1/4. Likisema "mtoto huyu haumwi, kuna uwezekano gani awe AS?", jibu ni 2/3, kwa sababu SS ameshaondolewa na wamebaki watatu. Wengi huandika 1/2.

Robo hiyo ni ya kila mimba. Wazazi hao wakiwa tayari na mtoto SS, mimba ijayo ina robo ileile. Si kweli kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Lielewe vizuri, kwa kuwa zipo familia zinazoishi na imani hiyo.

Upofu wa rangi unaopitia kromosomu X una mtego mwingine. Mama mbebaji na baba asiye nao: nusu ya wavulana wanaupata, wasichana hakuna, na kwa watoto wote ni 1/4. Angalia swali linawazungumzia akina nani. Makundi ya damu ni mepesi ukikumbuka kwamba A na B zinajitokeza pamoja, na O inajificha: mama O na baba AB hawapati mtoto O wala AB, ila A au B.

Kwa sifa mbili usichore vyumba 16. Vinakula dakika na kuleta makosa. Zidisha. AaBb kwa AaBb (herufi kubwa ni sifa tawala), mtoto aabb ni 1/4 × 1/4 = 1/16, na mwenye sifa zote mbili tawala ni 3/4 × 3/4 = 9/16. Njia hii inafaa tu jeni zikiwa kwenye kromosomu tofauti. Ukipewa matokeo ya kupandisha kwa jaribio (AaBb kwa aabb) kama 42, 41, 9 na 8, jeni zimeungana: jumlisha makundi madogo, 17 kwa 100, na umbali kati ya jeni ni sentimogani 17.

ADN nayo ina hesabu chache zinazojirudia. A ni sawa na T, G ni sawa na C. A ikiwa 30%, C ni 20%. Uzi wa kiolezo TAC GGA ATT unatoa ARN (RNA) mjumbe AUG CCU UAA. Usiweke T kwenye ARN. Kodoni (makundi ya herufi tatu) ni tatu, lakini asidi amino ni mbili, kwa sababu UAA inasimamisha tu. Vivyo hivyo, sehemu yenye nukleotidi 900 kwenye uzi mmoja, kuanzia AUG hadi kodoni ya kusimamisha, inatoa asidi amino 299, si 300.

Ekolojia haihitaji siku nyingi. Mshale hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula: mimea midogo ya ziwa, wanyama wadogo wanaoelea, sambaza (samaki wadogo), kisha ndege. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, mfano mzuri wa kiumbe aliyeingizwa. Hadubini nayo ni mgawanyo mmoja: seli ya kitunguu iliyoonekana milimita 40 kwa ukuzaji wa 400, ukubwa wake halisi ni milimita 0.1.

Wiki nne za mwisho, tafuta fotokopi za itemu za zamani. Fanya itemu 20 kwa dakika 40, na kwa kila moja andika kwa nini majibu manne mengine ni ya uongo. Kazi ni hiyo hasa. Kuweka alama tu hakukufundishi kitu. Majibu yanayozunguka na fotokopi yasikutawale, maana makosa yananakiliwa pamoja nayo. Kokotoa mwenyewe, na msipopatana mpelekee mwalimu.

Siku yenyewe, itemu ikikushika zaidi ya dakika tatu, iwekee alama na uruke. Kila baada ya itemu tano, hakikisha namba ya swali na namba ya mstari kwenye karatasi ya majibu ni ileile. Ukiruka swali bila kuruka mstari, majibu yote yanayofuata yanasogea.