Kulisha na Kukuza Matumbawe Laini Katika Tangi la Nyumbani

Anayefuga matumbawe laini Kampala au Jinja yuko mbali na bahari, na kila lita ya maji ya tangi lake ameiandaa mwenyewe. Kwa hiyo afikirie maji kabla ya chakula. Maji ya bomba yapitishwe kwenye chujio la osmosisi kinyume (lenye utando unaozuia madini na uchafu), kisha yachanganywe na chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe hadi yafikie gramu 35 hivi kwa lita, na joto lidumu kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi. Chumvi ya mezani haifai. Ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, nayo, ingawa ni yetu na bei yake ni nafuu, ina kaboneti na salfeti nyingi, na uwiano wake si wa bahari.

Chakula kikuu cha matumbawe haya ni mwanga. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo mno unaotengeneza sukari mchana na kumgawia mwenyeji wake, na ndiyo maana tumbawe lililowekwa ghafla chini ya taa kali hupauka. Washa taa za LED kwa saa 8 hadi 10 kwa siku, ukianza na mwanga hafifu na kuuongeza taratibu kwa wiki kadhaa.

Chakula cha kutia kwa mkono ni nyongeza tu, na kwa maoni yangu hapa ndipo wafugaji wengi hukosea kwa huruma. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Subiri taa zizimwe na polipu (vijinyama vyenye vinywa vinavyounda tumbawe) zikunjuke, zima chujio la povu, yaani linaloondoa uchafu kwa viputo vya hewa, kwa nusu saa huku pampu ya mkondo ikiendelea kufanya kazi, kisha tia kiasi kidogo cha mwani wa majimaji au artemia (vijidudu vya majini jamii ya kamba) waliototolewa karibuni, kwa kuwa vinywa vya polipu ni vidogo na vipande vikubwa huozea mchangani. Tumbawe laini liitwalo Xenia huhitaji chakula hiki kwa nadra; Discosoma, lenye umbo la uyoga bapa, huweza kumeza vipande vikubwa kidogo. Nitrati, inayotokana na mabaki ya chakula na uchafu, ikizidi miligramu 15 kwa lita, punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji. Ikifika sifuri kabisa, matumbawe laini nayo hudhoofika.

Sarcophyton, tumbawe laini lenye shina na kofia kama uyoga, likijifunga kwa siku kadhaa na kufunikwa na utando unaong'aa, usiogope wala usilitibu: linajivua uchafu, na mkondo wa maji ukiongezwa kidogo utando hutoka. Likikua vyema unaweza kukata kipande cha kofia yake kwa wembe mkali na safi. Kwa kuwa ute wake huzuia gundi kushika, kifunge kipande hicho juu ya jiwe dogo kwa kitambaa cha wavu, mahali penye mkondo wa wastani, mpaka kishike chenyewe baada ya wiki chache. Katika siku hizo weka mkaa maalumu wa kuchujia, kwani jeraha hutoa kemikali zinazodhuru matumbawe mengine.

Umeme ukikatika, mwanga unaweza kusubiri hata siku nzima, lakini oksijeni haisubiri. Weka tayari pampu ya hewa inayotumia betri.