SOMO: Kugawa vipeperushi nyumba kwa nyumba, Dar

Wakuu, wengi mmeniuliza hii kazi inaendaje. Nimetembeza vya duka la gesi Sinza na Tabata miezi minane, viatu viwili vimeisha.

1. Piga hesabu. Rimu ya A4 ina karatasi 500; ukikata kila moja katikati unapata vipeperushi 1,000. Usibebe vyote. Beba 200, vingine mwachie fundi cherehani wa jirani.

2. Jitambulishe serikali ya mtaa au kwa mjumbe. Dakika tano tu, lakini siku ukiitwa mwizi utazikumbuka.

3. Toka saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Ijumaa mchana watu wako msikitini, Jumapili asubuhi kanisani. Saa saba usijisumbue, jua likiwa la utosi hata mbwa hawabweki.

4. Piga hodi. Milango yetu haina sanduku la barua, kwa hiyo ni mkononi au chini ya geti, na cha chini ya geti huishia kwenye ufagio. Raha iko nyumba za kupanga: korido moja, vyumba sita. Dada anafua, povu hadi kwenye viwiko, anakwambia "weka hapo" akionyesha ukingo wa beseni. Usiweke! Kichomeke kwenye nondo za dirisha lake, akimaliza kuanika atakiona. Na ukikaribishwa maji, kunywa, usijifanye una haraka.

5. Andika ulipoishia. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina vibao vya namba, nakili ya mwisho kwenye daftari.

Karaha ni mageti marefu. Unagonga mpaka vidole vinauma, sauti inauliza "nani?", unajieleza, kimya. Kibao cha "Mbwa mkali" kiheshimu, ingawa kuna kwingine nimemkuta paka.

MASWALI

Swali: Mkuu, 1,000 vinaisha siku ngapi?
Jibu: Mimi siku nne kwenye nyumba za kupanga. Kwenye mageti, wiki nzima.

Swali: Mlinzi akigoma?
Jibu: Msalimie vizuri, mpe cha kwake mwenyewe. Walinzi nao wanapika. Wawili wamekuwa wateja.

Swali: Si bora nibandike kwenye nguzo za umeme, nipumzike?
Jibu: Hapana. Nguzo si yako, na namba ya bosi wako ndiyo iko pale.

Swali: Watoto wananifuata wanaomba, wanatengenezea ndege. Nifanyeje?
Jibu: Mpe mmoja tu, wengine waambie wamlete mama. Ila usilie sana kikipotea. Kuna siku nilinunua karanga Tabata, nikafungiwa kwenye kipeperushi changu mwenyewe. Nikanuna. Jioni bosi akapigiwa simu ya mtungi mdogo, mteja akasema namba kaipata kwenye karanga.

Swali: Malipo kwa siku au kwa kipande?
Jibu: Kwa siku, na nauli mkononi kabla hujatoka. Kwa kipande mtagombana kuhesabu vilivyobaki.