Jinsi ya Kuweka Maktaba ya Kidijitali Isiyotegemea Intaneti: Mwongozo kwa Wakutubi wa Lamu

Maktaba ya umma haina haja ya kungoja intaneti iwe nafuu ndipo wasomaji wake wapate vitabu vya kidijitali. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo hutumia umeme wa volti 5, inaweza kugeuzwa seva inayorusha waifai yake yenyewe, na kila mwenye simu akasoma bila kutumia bando.

Utahitaji kompyuta hiyo pamoja na chaja yake halisi, kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 256, na programu ya Kiwix, ambayo hutolewa bure. Kiwix husoma faili za aina ya ZIM, yaani tovuti nzima iliyobanwa ndani ya faili moja. Zipakue mahali penye intaneti ya uhakika. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni nyepesi. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake hupita gigabaiti 100, na kwa maoni yangu si ya kuanzia, hata kama ndiyo itakayowavutia wageni rasmi siku ya ufunguzi. Ukisafirisha faili kwa flashi, hakikisha imeandaliwa (yaani imefomatiwa) kwa mfumo wa kuhifadhi faili wa exFAT, kwa sababu mfumo mwingine, FAT32, hukataa faili inayofikia gigabaiti 4.

Kisha weka mfumo endeshi kwenye kadi, nakili faili, washa seva ya Kiwix, na uipe waifai jina ambalo wasomaji watalitambua.

Mahali pa kuiweka pataka fikira zaidi. Kuta nene za matumbawe za nyumba za Mji wa Kale hudhoofisha mawimbi ya waifai, kwa hiyo kidaka cha ukutani, japo kinapendeza macho, hakifai. Afadhali rafu iliyo wazi katikati ya chumba cha kusomea. Upepo wa bahari nao huleta chumvi inayokula vyuma vya matundu ya nyaya. Ikinge kwa kasha, lakini usilizibe kabisa, maana kompyuta itapata joto. Umeme unapokatika ghafla, kadi inaweza kuharibika. Tumia betri ya akiba, na uweke nakala ya kadi nzima kabatini. Darasa zima likija kwa pamoja, waifai ya ndani ya kifaa hulemewa, na hapo unganisha ruta kwa waya.

Jambo linalowakwaza wasomaji wengi ni dogo. Simu ikigundua kwamba waifai hiyo haina intaneti, huonya, na nyingine hurudi zenyewe kwenye data, ukurasa ukakataa kufunguka. Bandika mezani karatasi yenye anwani ya seva na maelekezo ya kuzima data kwanza.

Ukitaka kuongeza tenzi za kale za Pate na Lamu, kumbuka kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Utenzi wa karne zilizopita uko huru, lakini tafsiri na maelezo ya mhariri wa juzi yana ulinzi wake. Kwa hiyo piga picha muswada wenyewe, kwa ridhaa ya familia inayoutunza, badala ya kunakili kitabu kilichochapishwa.