Kusomea uhandisi Italia ukitokea Malindi: anza na jina lako kabla ya chuo

Malindi Kitaliano si kigeni: hotelini utakisikia, sokoni utakisikia, na kule Ngomeni Waitaliano wana kituo chao cha anga tangu miaka ya 1960. Hapo baharini ndipo iliporushwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Basi haishangazi kwamba kijana akimaliza Kidato cha Nne na fizikia yake nzuri, Italia huwa ya kwanza kutajwa. Ada zake hupangwa kwa kipato cha nyumbani, na basari ya serikali za mikoa yuko huru kuiomba hata mgeni.

Wanaokwama wengi hawakwamishwi na fizikia. Hukwamishwa na karatasi. Masomo huanza Septemba, matokeo ya KCSE hutoka Januari au karibu na hapo, na katikati kuna miezi minane inayokwisha upesi mno. Fuata hatua kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Panga majina yako mezani

Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, karatasi za KCSE, na vitambulisho vya baba na mama. Viweke kando kwa kando usome herufi kwa herufi. Pwani kila karani ana mwandiko wake: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Athman na Uthman, Swaleh na Saleh, huku Mwanaisha, kule Mwana Aisha. Pengine cheti kina majina mawili na kitambulisho kina matatu. Mtaani huyo ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Kwenye kompyuta ya Italia ni watu wawili, kwa sababu namba yao ya kodi, codice fiscale, huundwa kwa herufi za jina lako, jinsia, tarehe na nchi uliyozaliwa. Herufi ikibadilika, namba inabadilika, na basari, benki na chuo vyote vinategemea namba hiyo.

Karatasi iliyo ngumu zaidi kurekebisha ni ya KCSE. Kwa hiyo ifanye hiyo kuwa kipimo, nyingine zote zifuate. Kosa dogo la cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kwa msajili wa vizazi. Jina lenyewe likiwa tofauti, utahitaji hati ya kubadilisha jina inayoandaliwa na wakili, ikasajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Hati ya kiapo ya kusema "hawa wawili ni mtu mmoja" ni nafuu na hutoka siku hiyohiyo, lakini usiitegemee peke yake: ofisa mmoja ataipokea, mwingine atakurudisha.

Baada ya hapo ndipo pasipoti. Omba kwenye eCitizen ungali unasubiri matokeo. Ya kurasa 34 inatosha. Panga safari ya Mombasa kwa picha na alama za vidole, na siku ya kuichukua soma jina palepale dirishani kabla hujaondoka.

Hatua ya 2: Chagua kozi ukitazama mwisho wake

Shahada ya kwanza Italia, laurea, ni miaka 3 na krediti 180. Juu yake kuna laurea magistrale, miaka 2 na krediti 120. Kenya shahada ya uhandisi ni miaka 5. Ukitaka kurudi usajiliwe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, hesabu tangu sasa kwamba safari yako ni ya miaka 3 na 2, si mitatu tu. Waandikie EBK ukitaja chuo na jina kamili la kozi, na jibu lao ulihifadhi kwa maandishi. Neno la mdomo halina kazi miaka mitano baadaye.

Kozi za Kiingereza zipo: Tor Vergata, Roma, wana Engineering Sciences, na Politecnico di Torino wana matawi kadhaa ya uhandisi. Kozi za Kitaliano ni nyingi zaidi, lakini zinataka kiwango cha B2, yaani juu ya wastani, kwa cheti kama CILS, CELI au PLIDA. Hapa vijana wa Malindi hujidanganya. Kitaliano cha ufuoni kinauza safari ya mashua na kinyago, ila hakijakufundisha kuandika aya wala kusoma kitabu cha takwimu. Jipime kwa kuandika, usijipime kwa mazungumzo.

Hatua ya 3: Mtihani wa kuingilia

Vyuo vingi vya uhandisi hutumia TOLC-I, mtihani mmoja wa kompyuta unaotumiwa na vyuo kwa pamoja. Politecnico za Torino na Milano zina mitihani yao. TOLC-I ina maswali 50 kwa dakika 110: hisabati 20 kwa dakika 50, kisha mantiki 10, sayansi 10 na ufahamu 10, kila sehemu dakika 20. Dakika zilizobaki sehemu moja hazihamii nyingine. Jibu sahihi ni alama 1, kuacha wazi ni 0, kukosea ni kutoa 0.25.

Kila swali lina majibu matano. Ukibahatisha bila kujua chochote, wastani wako ni sifuri: hupati, hupotezi. Ukiweza kufuta majibu mawili kwa uhakika, kubahatisha kati ya matatu yaliyobaki kunakupa wastani wa takriban 0.17 kwa swali, basi jibu. Usipoweza kufuta hata moja, pita. Muda ni mali.

Kikokotoo hakiruhusiwi. Hili ndilo linalomwangusha mtu wa KCSE, aliyezoea kubonyeza logi na saini ya pembe. Jifunze kwa mkono: saini na kosaini za digrii 30, 45 na 60, sheria za logi, vipeo vya sehemu, mlinganyo wa duara na wa parabola, na hesabu za thamani kamili zenye alama za kubwa na ndogo. Hiyo ya mwisho shuleni haikugusiwa sana, na kule ni ya kawaida.

Mtihani huweza kufanywa nyumbani, chuo kikikubali, na unaruhusiwa mara moja kwa mwezi. Unahitaji kompyuta, na simu ya pili inayokuonyesha wewe na chumba. Chumba kiwe na mtu mmoja tu. Mdogo wako akifungua mlango kuuliza ufunguo, mtihani unaweza kufutwa. Umeme ukikatika, laptopu yenye betri nzima na intaneti ya simu ndizo zitakazokuokoa, kwa hiyo zijaribu siku moja kabla, saa ileile ya mtihani.

Hatua ya 4: Maombi

Jisajili Universitaly, tovuti ya serikali ya Italia ya maombi ya vyuo, ufanye maombi ya awali: kozi moja, chuo kimoja. Chuo kikithibitisha, taarifa huenda ubalozini. Cheti cha KCSE hutakiwa kiambatane na uthibitisho wa CIMEA, kituo cha Italia kinachokagua vyeti vya kigeni, au dichiarazione di valore, yaani tamko la ubalozi kuhusu thamani ya cheti. Uliza chuo kinataka kipi ndipo ulipe. Miaka 12 ya shule ya mfumo wa 8-4-4 inatimiza sharti lao la miaka. Uthibitisho wa matokeo kutoka KNEC unaombwa kwenye mfumo wao wa QMIS.

Hatua ya 5: ISEE, yaani pesa yenyewe

Hapa tumia nguvu zako zote. ISEE ni hesabu ya uwezo wa familia, na kwa mgeni huitwa ISEE parificato. Ikiwa chini ya yuro 22,000, chuo cha serikali hakikutozi ada ya mwaka wa kwanza, isipokuwa kodi ndogo ya mkoa na stempu. Basari ya mkoa inatumia hesabu hiyohiyo.

Wanataka watu wa nyumba moja ni nani, kipato chao, akiba benki, na nyumba. Kipato na akiba ni vya miaka miwili nyuma: ukiomba 2026, wanauliza 2024, na salio la tarehe 31 Desemba 2024. Kenya hatuna daftari la familia, kwa hiyo watu wa nyumba huandikwa katika hati ya kiapo. Baba mvuvi au mama muuza samaki hana hati ya mshahara. Hilo nalo liandikwe kwa kiapo na barua ya chifu, kwa kiasi cha kweli, si sifuri. Familia ya watu saba yenye kipato sifuri inazua maswali.

Nyumba iliyo nje ya Italia huhesabiwa yuro 500 kwa kila mita mraba. Hawaangalii ukuta wa udongo na paa la makuti. Nyumba ya mita 60 mraba kwao ni yuro 30,000. Basi chukua futi ya fundi, pima kweli, wala usikisie kwa hatua za miguu. Usiweke ua na banda la mbuzi kwenye hesabu.

Karatasi hizi hupitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi, na tafsiri ya Kitaliano. Tangazo la basari hutoka kati ya Juni na Julai, na mlango hufungwa haraka. Usisubiri visa ndipo uombe. Aliyeleta ISEE mwezi wa Oktoba hupoteza basari ya mwaka mzima hata akiwa maskini kuliko wote.

Hatua ya 6: Visa

Visa ya masomo ni ya aina ya D, ya kukaa muda mrefu, na alama za vidole zinakulazimu ufike mwenyewe Nairobi. Onyesha pasipoti, kukubaliwa na chuo, mahali pa kulala, bima, na uwezo wa karibu yuro 7,000 kwa mwaka. Pesa iliyoingia benki ghafla wiki moja kabla huulizwa imetoka wapi. Iwe na barua ya aliyetuma.

Hatua ya 7: Siku 8 za kwanza

Ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie, peleka posta fomu za permesso di soggiorno, yaani kibali cha kuishi. Gharama ni yuro 16 za stempu, 30 za posta na 70.46 za kadi. Risiti ya posta itunze kama pasipoti. Bima ya afya ya serikali ni yuro 700 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Ya kampuni huwa nafuu lakini haikupi daktari wa familia.

Mwaka wa kwanza ufaulu angalau mtihani mmoja ili kibali kirefushwe, na kila mwaka unaofuata mitihani miwili. Basari ni kali zaidi: krediti 20 kufikia 10 Agosti, la sivyo awamu ya pili hailipwi, na usipozifikisha kufikia 30 Novemba unarudisha hata ulizokwisha kupokea. Analisi 1, yaani hisabati ya kalkulasi, na Fizikia 1 ni nzito na mara nyingi zina mtihani wa mdomo. Alama ni kati ya 30, kufaulu ni 18. Fanya somo jepesi Januari ujiwekee krediti mapema, kisha ufunge mlango na Analisi.